Kuhesabu Hadi Kumi

Tulimwita Mihayo, jina la babu yake,
na kwa Kinyamwezi jina hilo maana yake ni maneno.
Miaka minne, maneno yenyewe hayakuja.
Alivuta shati. Alinyoosha kidole.
Nyanzala, mama yake, alikijua kila kidole:
hiki maji, hiki uji, hiki nibebe,
akaleta kabla mkono haujashuka.

Mama yangu alisema hata mimi nilichelewa,
nikaja nikapitiliza.
Jirani akasema ulimi umefungwa, ukatwe.
Mimi sikusema. Niliziba pancha.

Alhamisi moja tukampeleka hospitalini.
Dada mmoja, Leokadia, alikuwa sakafuni, viatu kavua,
anabingirisha kizibo cha chupa.
Nikatoa pesa. Nikauliza: nimfuate saa ngapi?
Kama mtu anayeacha redio kwa fundi.

Hakucheka. Alipiga hesabu nyuma ya kadi ya kliniki.
"Mimi ninaye nusu saa, kila wiki mbili.
Saa nyingine zote ni zenu.
Sasa niambie, fundi ni nani?"

Nilikuwa na hasira mpaka tulipovuka reli.
Nimelipa, halafu kazi nimerudishiwa,
baiskeli ileile, mnyororo uleule.

Na kazi yenyewe haikuwa na kidonge wala sindano.
Msimuulize hii nini, hii nini, kama polisi.
Semeni mnachofanya, kwa ufupi, mkimtazama usoni.
Kisha nyamazeni, mhesabu kimoyomoyo hadi kumi.
Kumi!
Jaribu wewe kunyamaza hadi kumi
mwanao amekushikia kikombe kitupu.
Nyanzala alifika nne, akamimina maji, akalia.
Mimi nilifika sita.

Yeye akachukua jikoni: koroga, koroga, moto, puliza.
Mimi kibanda changu cha Isevya.
Pampu ikisema sss, nami sss.
Kengele krrin, nami krrin.
Mzee aliyeleta rimu iliyopinda
akaniuliza kama siku hizi naanza kunywa asubuhi.
Nikamwambia nina kazi ya nyumbani ya shule,
na umri wangu ni arobaini na moja.
Akaketi juu ya tairi. Baadaye, bila kuombwa,
akatoa krrin moja, nzuri kuliko yangu.

Wiki zikapita bila kitu.
Niseme kweli: kuna Alhamisi Nyanzala alikwenda peke yake,
mimi nikasingizia wateja.
Aliporudi alikuwa na salamu za Leokadia, swali tupu:
"Baba yake sasa anafika ngapi?"

Machi. Mvua, hakuna mteja.
Mtoto kachutama kando ya beseni.
Nikauzamisha mpira wa ndani, nikauminya polepole
mpaka mapovu yakapanda kwa mstari.
Nikasema, "Inavuja." Nikanyamaza.
Moja. Mbili. Mvua juu ya bati.
Tano. Anatazama povu, ananitazama mdomo.
Saba, na ulimi wangu unaniwasha.
Nane, sijawahi kufika nane.
Tisa

"Pacha."

Si baba.
Si mama, aliyembeba mgongoni mpaka mgongo ukapinda.
Pancha, tena imepungukiwa na n,
kama gurudumu lililopungua upepo lakini linakwenda.
Nilifundishwa nisimwambie si hivyo.
Nikasema, "Pancha. Ndiyo, mwanangu, pancha,"
na mikono yangu ndani ya maji ilitetemeka
hata tundu likanipotea.

Nyanzala akatoka mbio, unga viganjani.
"Kasema nini? Kasema nani?"
Pacha, nikamjibu. Kasema pacha.
Basi Kulwa amefika.
Kaa hapa kwenye tairi, mama Mihayo, usimsaidie,
tumngoje Doto.